Stika ya kubandulika kwa trela la muda: monomeri, polimeri, kasti au bana?

Trela limekodishwa kwa miezi minne. Litavishwa rangi za kampuni, lizunguke Jinja, Masaka na Mbarara kwa promosheni, lisimame kwenye viwanja vya UMA, chama cha wenye viwanda wa Uganda, pale Lugogo, Kampala, wakati wa maonyesho ya biashara, kisha lirudi kwa mwenyewe likiwa jeupe kama lilivyochukuliwa. Kazi ya namna hii hupelekwa kwa fundi kwa maneno mawili tu: "weka stika." Hasara huanzia hapo. Ukiomba stika ya bei ya chini bila kueleza zaidi, utakachopewa ni vinaili (karatasi nyembamba ya plastiki ya PVC) ya monomeri yenye gundi ya kudumu. Inakaa vizuri, inang'aa, mteja anafurahi. Siku ya kuitoa inakatika vipande vya ukubwa wa ukucha na gundi inabaki kwenye bodi. Fundi anachukua thina, thina inakula rangi, na mwenye trela anadai apakiwe rangi upya.

Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na swali la mwisho: itatokaje? Ukijua stika itakaa siku ngapi, juu ya bodi ya aina gani, na nani ataibandua, uchaguzi unabaki kati ya vitu viwili, wakati mwingine kimoja.

Kubandulika si kubanduka

Gundi ya stika ni akriliki inayoshika kwa kukandamizwa. Ukishaibandika haijamaliza kazi. Inaendelea kujipenyeza polepole kwenye vitundu vidogo vya rangi, na joto huiharakisha. Gundi ya kudumu hupata nguvu zake ndani ya siku moja hadi tatu, na jua la miezi michache huzidi kuikaza. Gundi ya kubandulika imetengenezwa kwa nia nyingine: inashika kwa kiasi, na inaishika vinaili zaidi kuliko inavyoishika bodi, ili vinaili ikivutwa iondoke nayo.

Ahadi hiyo ina muda wake. Karatasi ya maelezo ya kiwanda itasema inabandulika ndani ya miezi kadhaa au miaka kadhaa, juu ya rangi iliyokauka kabisa. Muda ukipita mambo yanageuka, na sababu yake ni hii. PVC kwa asili ni ngumu, na hulainishwa kwa kuchanganywa na kilainishi. Katika monomeri molekuli za kilainishi ni ndogo, kwa hiyo hutoroka: nyingine hupotea hewani, nyingine huhamia kwenye gundi. Vinaili inakauka kama ganda la yai, gundi inakuwa laini na yenye kunata. Ukivuta, kilicho kikavu kinakatika na kilicho laini kinabaki kwenye bodi. Katika polimeri molekuli hizo ni ndefu na nzito, hivyo hutulia mahali pake kwa muda mrefu zaidi.

Stika inayonyanyuka kingo baada ya wiki mbili haijathibitisha kwamba ni ya kubandulika. Hiyo imebandikwa juu ya vumbi, au imechapwa ikakatwa wino haujakauka, au imelazimishwa kupita juu ya riveti. Stika nzuri ya muda huukatalia upepo na kuukubalia mkono.

Monomeri ya kubandulika

Monomeri hutengenezwa kwa kupitisha PVC ya moto katikati ya rola nzito mpaka iwe karatasi, kama chapati inavyosukumwa. Na kama chapati ya unga ambao haujapumzika, ukiiachia inarudi. Vinaili iliyovutwa kiwandani hukumbuka umbo lake la zamani, na kila jua linapoipasha inasinyaa kidogo. Unene wake huwa maikroni 80 hadi 100. ORAJET 3164 ya Orafol ni mfano unaojulikana wa kundi hili.

Mahali pake ni bodi bapa: chuma laini kilichopakwa rangi vizuri, au faibaglasi isiyo na mikunjo, kwa kazi ya wiki chache hadi miezi mitatu au minne. Hapo hakuna haja ya kulipia zaidi. Tunaipendekeza bila wasiwasi kwa trela la mauzo linalosimama sehemu moja na kusafiri mara chache. Usiipeleke juu ya riveti wala kwenye kona za mviringo. Itatulia siku mbili, kisha itanyanyuka na kuzungushia kila riveti pete ya hewa, vumbi la murram litaingia humo, na hapo hakuna wa kuirudisha.

Polimeri

Nayo hupita kwenye rola, ila kilainishi chake ni kile kizito, na unene wake huwa karibu maikroni 70 hadi 80. Inasinyaa kidogo kuliko monomeri, inakubali mkunjo mpole wa upande mmoja, na ikiwa na gundi ya kubandulika inafaa kazi ya miezi sita hadi mwaka mmoja na nusu hapa kwetu. Kwa trela lenye safu chache za riveti inawezekana, mradi mchoro upangwe ili maungio yaangukie kwenye safu hizo na vichwa vya riveti vibaki nje.

Kwa trela nyingi za biashara hili ndilo chaguo letu la kawaida. Kosa linalorudiwa ni kununua polimeri kwa sababu ya neno "polimeri" bila kuuliza gundi. Vinaili na gundi ni vitu viwili tofauti, na kila aina ya vinaili huuzwa na gundi za aina mbili au tatu. Polimeri yenye gundi ya kudumu ni mbaya zaidi kwa kazi ya muda kuliko monomeri yenye gundi ya kubandulika.

Kasti

Kasti haisukumwi. PVC ya majimaji humiminwa juu ya karatasi maalumu na kukaushwa kwenye oveni, kwa hiyo haijavutwa na haina cha kukumbuka. Ni nyembamba, maikroni 50 hivi, na inalala juu ya riveti na kwenye mabonde ya bodi kama kitambaa kilicholowa. 3M IJ180 na Avery Dennison MPI 1105 ni za ukoo huu. Nyingi zina mifereji midogo kwenye gundi inayopitisha hewa, kiasi kwamba povu unalisukuma kwa kidole mpaka ukingoni.

Bei yake inaumiza, hatufichi. Lakini trela la alumini lenye riveti kila sentimita 10, linalotembea barabarani kila wiki, halina jibu lingine la stika. Ikiwekwa vizuri na kufunikwa na leminesheni, yaani tabaka angavu la plastiki juu ya mchapo, hata baada ya miaka miwili hutoka kwa moto kidogo na mkono mmoja. Bila leminesheni inachanika kama karatasi iliyolowa, na fedha uliyookoa inarudi kama siku tatu za kukwangua. Soma pia karatasi yake: baadhi ya kasti zina gundi ya kudumu, na wembamba wake hauzifanyi zibandulike.

Bana, na mengine yasiyo na gundi

Kontena lenye migongo na mabonde, na trela la pembeni za turubai, yana mjadala wake. Stika yoyote ya kubandulika haishiki vizuri juu ya turubai la PVC, kwa sababu kilainishi cha turubai chenyewe huhamia kwenye gundi na kuilainisha. Hapa bana ya turubai lililochapwa, gramu 440 hadi 510 kwa mita mraba, inashinda kwa urahisi. Juu ya kontena, ichomelewe fremu ya bomba za mraba za milimita 25, bana ifungwe kwa matundu ya ringi kila sentimita 30 na kamba ya mpira, siyo waya. Mpira hunyonya mapigo ya upepo, waya huchana ringi. Fremu inaongeza upana wa trela pande zote mbili, basi ipimwe kabla haijachomelewa.

Bana ikitembea kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa hupigapiga na kuchanika pembeni mwa ringi. Kwa trela lililosimama ni bora kuliko stika. Kwa trela la safari za kila siku, si nzuri isipokuwa imekazwa kama ngoma.

Sumaku husemwa sana na hufaa kidogo. Haishiki alumini wala faibaglasi, na hata juu ya chuma, maji na vumbi hukaa chini yake na kukwaruza rangi. Itumie kwa nembo ndogo mlangoni, na iondolewe kila jioni.

| | Monomeri | Polimeri | Kasti | Bana |
|---|---|---|---|---|
| Muda unaofaa | hadi miezi 3–4 | miezi 6–18 | mwaka 1 na zaidi | wiki hadi miezi, ikikazwa |
| Bodi bapa | ndiyo | ndiyo | ndiyo, ila ni gharama | ndiyo |
| Riveti nyingi | hapana | kwa tahadhari | ndiyo | ndiyo |
| Kontena la migongo | hapana | hapana | ndiyo, kwa kazi kubwa | ndiyo |
| Pembeni za turubai | hapana | hapana | hapana | ndiyo |
| Leminesheni | hiari kwa wiki chache | lazima | lazima | si lazima |

Muda uliopo kwenye jedwali tumeupunguza makusudi. Viwanda hutaja miaka kwa bodi iliyosimama wima na mara nyingi kwa hali ya hewa ya Ulaya. Ikweta inakata barabara ya Masaka pale Kayabwe. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa tatu na wa tisa jua la mchana linasimama utosini. Kanuni tunayoifuata: nusu ya muda wa kiwanda kwa pembeni za trela, na robo kwa paa. Kama mteja hana ulazima wa tangazo kuonekana kutoka ghorofani, acha paa bila stika.

Bodi ndiyo inayoamua

Hata stika bora haiwezi kutoka salama juu ya rangi mbovu. Trela nyingi hupakwa rangi gereji, nje, bila oveni. Rangi ya mafuta iliyokaushwa na upepo huonekana kavu siku ya pili, lakini bado inatoa mvuke kwa wiki kadhaa. Ukibandika mapema, mvuke huo unakusanyika chini ya vinaili na kuwa mapovu madogomadogo kama upele, na siku ya kubandua rangi inafuata stika. Subiri siku 7 kwa rangi ya oveni, na wiki 4 kwa rangi ya upepo. Mvua za Machi hadi Mei zikiwa kwenye kilele chake, ongeza wiki mbili.

Usikubali tarehe kwa maneno. Loweka kitambaa cheupe kwa alkoholi ya isopropili, sugua sehemu iliyofichika mara ishirini. Kitambaa kikichukua rangi, bodi haijawa tayari. Kisha chora kwa wembe visanduku vidogo vya milimita 2 kwenye kona ya chini, bandika selotepu ngumu ya vifurushi, ikandamize kwa kidole gumba na uivute kwa ghafla. Rangi ikija na selotepu, itakuja pia na stika, hata iwe ya kubandulika namna gani. Hapo chagua bana, au muandikishane na mwenye trela kabla ya kazi.

Sehemu zilizozibwa kwa puti na kupakwa juu juu ndizo za kwanza kutoka. Gonga kwa kifundo cha kidole: sauti hubadilika na kuwa butu. Zizungushie alama ya penseli, zipige picha, na siku ya kubandua ziguswe mwisho.

Alumini isiyopakwa rangi ina ungaunga mweupe wa kutu yake. Pitisha kiganja: kikiwa cheupe, gundi itashika unga badala ya chuma. Sugua kwa sabuni ya maji na sponji ngumu, suuza, rudia mpaka kiganja kitoke safi. Faibaglasi mpya huwa na nta ya kiwandani, na nta hiyo lazima iondolewe.

Angalia pia kilichoandikwa chini. Trela lenye jina la zamani kwa herufi nyeusi litaonyesha kivuli chake kupitia vinaili nyeupe ya gundi isiyo na rangi. Kwa bodi hiyo omba vinaili yenye gundi ya kijivu, inayoziba.

Jaribio la msalaba

Rola ya vinaili, lile gombo la dukani, isiyo na lebo si ya kununua. Hata lebo ikiwepo, kuna njia ya kuthibitisha unachouziwa, na inagharimu kipande kimoja tu.

Kata kipande cha sentimita 20 kwa 20. Kibandike juu ya bamba la alumini au kioo, kikandamize vizuri kwa skwiji, kile kibao cha plastiki cha kufukuzia hewa. Kwa wembe mkali chora msalaba katikati, sentimita 10 kwa 10, ukate vinaili tu. Weka bamba juani kwa siku tatu, likielekea juu. Siku ya tatu piga magoti ulitazame kwa karibu. Kwenye kasti mistari ya msalaba bado imefungana, kama unywele. Kwenye polimeri utaona mwanga mwembamba. Kwenye monomeri mistari imefunguka, na pale katikati penye ncha nne kuna nyota ndogo ya chuma tupu, wakati mwingine ncha zenyewe zimeanza kujikunja. Fikiria mpasuko ule kwenye kila ungio la trela.

Kisha bandua kipande chenyewe. Kikitoka bila kuacha gundi baada ya siku tatu, gundi ni ya kubandulika au angalau haijakaza. Ikiacha michirizi sasa, miezi minne haina matumaini.

Wino na leminesheni

Wino wa ekosolventi una kiyeyusho kinachoingia kwenye vinaili yenyewe. Ukiwekea leminesheni saa mbili baada ya kuchapa, kiyeyusho kinanaswa ndani, kinalainisha gundi, kingo zinajikunja na gundi inabaki kwenye bodi siku ya mwisho. Lalamiko la "gundi mbaya" mara nyingi ni wino uliofungiwa. Acha saa 24 kwa uchache, saa 48 kwa michoro iliyojaa rangi nzito. Rola isimamishwe wima ikiwa imelegezwa, hewa ipite kati ya mizunguko. Rola iliyokazwa haikauki hata ikikaa wiki. Wino wa lateksi hutoka kwenye mashine ukiwa mkavu, na kwa kazi ya haraka huo ni ubora unaostahili kulipiwa.

Leminesheni iendane na vinaili: kasti kwa kasti, polimeri kwa polimeri. Leminesheni iliyosukumwa kwa rola kama monomeri au polimeri, ikiwekwa juu ya kasti, itasinyaa na kuikunja kasti kuelekea juu, na kosa hilo halionekani mpaka wiki ya tatu. Faida yake kubwa kwa kazi ya muda ni nguvu: vinaili ya maikroni 50 na leminesheni ya maikroni 50 hutoka kama shuka moja. Monomeri ya wiki tano inaweza kwenda bila leminesheni, mradi madereva waelezwe wasiipeleke kwenye mashine ya kuoshea kwa maji ya presha.

Kiasi cha kununua

Chukua trela la urefu wa mita 6 na kimo cha mita 2.4. Pande mbili ni mita mraba 28.8, na mlango wa nyuma wenye upana wa mita 2.4 unaongeza 5.76, jumla 34.56. Rola ya upana wa mita 1.37, ukitoa sentimita 2 za kupandana, inafunika mita 1.35. Kila upande unahitaji vipande 5 vilivyosimama, kila kimoja mita 2.5, yaani mita 12.5. Pande mbili ni mita 25, nyuma vipande 2 ni mita 5. Jumla mita 30 za rola, ambazo ni mita mraba 41.1. Tofauti na 34.56 ni mabaki yasiyokwepeka, na mteja ayaone kwenye hesabu tangu mwanzo. Chapa kipande kimoja cha ziada. Rangi ya mchapo wa pili haifanani kamwe na ya kwanza.

Kwa kontena usipime hewani. Tepu ifuate kila mgongo na kila bonde, maana ndivyo vinaili itakavyosafiri.

Linganisha bei kwa jumla hii: vinaili, mchapo, leminesheni, kubandika, na kubandua. Trela hili la mita 6 likivikwa polimeri nzuri, watu wawili hulivua kwa nusu siku. Likivikwa stika ya gundi ya kudumu, watu haohao hukwangua siku mbili au tatu, na bado kuna hatari ya rangi. Omba fundi aandike bei ya kubandua kwenye oda ileile. Fundi anayejua ameweka nini haogopi kuiandika.

Kubandika

Osha kwa sabuni jana yake, trela likauke usiku, hasa kwenye riveti na maungio, maana maji yaliyojificha humo hutoka baada ya stika kuwekwa. Asubuhi pangusa kwa alkoholi ya isopropili sehemu 7 na maji sehemu 3, na ukaushe kwa kitambaa cha pili kabla haijaruka yenyewe.

Bodi iwe kati ya nyuzi 18 na 32. Kampala hiyo ni saa moja hadi saa nne asubuhi, au chini ya kivuli. Gulu na Moroto chuma hupata moto mapema, gundi inashika kwa mguso wa kwanza na haikupi nafasi ya kurekebisha. Kabale, karibu mita 2,000 juu, ni kinyume: alfajiri bodi ni baridi na gundi haishiki, basi subiri jua lipande.

Anza nyuma ya trela uende mbele, ili kila kipande kilalie kile kilicho nyuma yake na ukingo wake utazame nyuma, usiupokee upepo. Kwa vipande vya kulala, cha juu kilalie cha chini, kama mabati ya paa. Usikate kwa wembe juu ya rangi ya mtu. Tumia uzi wa kukatia unaobandikwa chini ya vinaili, au kata mezani. Rifleksa, taa na namba za trela zibaki wazi.

Juu ya riveti, kasti iwekwe kama hema kwanza. Toboa kwa sindano pembeni mwa riveti, pasha mpaka ilainike, kisha zungusha brashi ngumu kutoka nje kuelekea kichwa. Ukimaliza pasha tena mpaka ifike nyuzi 95 hivi ili isahau mvuto. Kipimajoto cha mbali kinatosha kukuonyesha. Polimeri na monomeri hazipewi joto hilo, zitakunjamana. Vinaili yenye mifereji ya hewa haibandikwi kwa maji, kwani maji yanaziba mifereji.

Wakati wa matumizi, ioshwe kwa mkono. Kama ni lazima mashine ya presha, bomba likae zaidi ya sentimita 30 na lielekee bodi moja kwa moja, lisichimbe ukingo.

Kubandua

Fanya siku ya joto, bodi ikiwa imepashwa na jua la asubuhi. Mashine ya hewa moto ipite sentimita 20 kutoka kwenye vinaili mpaka ifike nyuzi 50 hadi 60. Bila kipimajoto, ni pale kiganja kinapoweza kugusa lakini hakiwezi kukaa. Nyanyua kona kwa ukucha wa plastiki, uivute polepole kwa pembe ya nyuzi 45. Sikiliza. Ikitoka kwa sauti laini iliyo sawa, endelea na mwendo huohuo. Ikianza kutatarika na kukatika ni baridi, rudisha moto. Gundi ikivutika kama utando kati ya vinaili na bodi, umezidisha moto: pumzika, acha ipoe, badilisha pembe.

Mabaki madogo yasuguliwe kwa kisafishaji cha mafuta ya machungwa au kwa spiriti nyeupe kwenye kitambaa, yaachwe dakika chache, kisha yasukumwe kwa plastiki. Thina haifai juu ya rangi ya mafuta. Petroli iondolewe kabisa eneo la kazi, kwa sababu mvuke wake na mashine ya hewa moto vikikutana kuna mtu ataungua.

Rangi iliyokuwa chini ya stika itaonekana mbichi kuliko iliyopigwa na jua. Kwa miezi minne tofauti hiyo ni ndogo na husawazika kwa kung'arisha. Kwa mwaka mzima juu ya rangi nyekundu au bluu ya bei nafuu, umbo la herufi litabaki likisomeka, na mwenye trela aelezwe hilo siku ya kwanza. Vinaili iliyotoka ikunjwe gundi ndani na ipelekwe kwenye takataka za kawaida. Isichomwe: PVC ikiungua hutoa mvuke wa asidi ya hidrokloriki unaochoma macho na mapafu.